Mashine Iliyokuja Msibani

Mjomba wangu alikuwa haendi kuzika. Hilo ndilo jambo la kwanza mtu wa Kasansa, kijiji chake cha kuzaliwa huko Mpimbwe, angekwambia kumhusu, kabla hata hajasema kwamba ni mfupi, au anauza migebuka, wale samaki wa ziwani, au kwamba akicheka anapiga paja la jirani badala ya lake. Alihamia Ikola, kandoni mwa ziwa, akiwa kijana, akawa ananunua samaki kwa wavuvi na kuwapandisha Mpanda kuuza, na tangu hapo kila Kasansa wakifiwa yeye ana sababu. Mara barabara imekatika, mara mzigo uko juani, mara gari limelala porini. Sababu zote zilikuwa za kweli. Mimi nimepita barabara ile wakati wa masika na nasema kweli, hata kunguru wanaipita kwa tahadhari. Lakini kule Mpimbwe, kwa mtu aliyekosekana kaburini, ukweli na uongo vinatiwa kapu moja. Alipokosa hadi maziko ya shangazi yake aliyemlea, watu hawakugomba. Mzee mmoja alisema tu kwamba mjomba naye ana nyumba, na nyumba yoyote hufikiwa.

Mama, ambaye ni dada yake wa damu, alinisimulia hayo akipepeta mchele, kwa sauti ya hakimu. Nikamuuliza kama kesi hiyo ina dhamana. Nikapewa ungo nipepete mwenyewe.

Sasa jukwaa. Dada yangu, yaani binti wa mama mkubwa, ila kwetu neno binamu ni la kwenye vitabu vya shule, alisomea kompyuta chuoni, akarudi Mpanda na cheti chake, akakaa nacho, akachoka kukaa nacho, akafungua steshenari mtaa wa Makanyagio. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anajazia watu maombi ya kazi ambazo yeye mwenyewe amezikosa. Wakati wateja hawapo alitengeneza jukwaa la mtandaoni la watu wa Katavi. Magrupu ya simu yamejaa sauti za watu wanaokohoa na kuku wanaowika nyuma yao, na kitu ukikitafuta kesho yake hukioni. Kwenye jukwaa kila kitu kinakaa mahali pake. Kuna chumba cha mpunga na mahindi, chumba cha ng'ombe waliopotea, chumba cha ubishi, na chumba cha misiba.

Mimi nilifanywa msimamizi msaidizi nikiwa kidato cha pili. Sababu ni kwamba nilishafunguliwa akaunti tatu na kufungiwa zote tatu kwa kuwatania walimu, dada akaona heri nifukuze wenzangu kuliko kila siku anifukuze mimi.

Mjomba alilipenda jukwaa lile kupita kiasi. Asubuhi anatoa bei ya samaki, halafu anawachokoza wafugaji kwamba ng'ombe wao wakimwona mgebuka mmoja wanaona haya kuitwa kitoweo. Wafugaji wanamjibu. Watu wa Kasansa, ambao barabarani wangempita kama mti, wakaanza kumjibu nao. Katekista akamuuliza hali ya ziwa. Mwenye mashine ya kusaga akamwambia wewe mfupi usituzingue. Mama alikuwa ananiomba nimsomee majibu hayo jioni akipika, na lile la mfupi aliniambia nilisome tena. Alisema, "Wakishaanza kumtukana hivyo, ujue wanamrudisha."

Halafu spamu zikaingia. Si watu, mashine. Zinajiandikisha zenyewe, zinajipa majina ya Kizungu, zinaandika kamari, dawa za kunenepesha hiki na kupunguza kile, mikopo ya dakika moja, wanawake wa nchi ambazo hata kwenye somo la jiografia hatujafika. Unafuta kumi, unakwenda kunywa maji, unarudi unakuta zimezaana. Tangazo la ng'ombe mwekundu aliyepotea kijiji cha Mamba lilikuwa na majibu mengi kweli, mpaka mwenye ng'ombe akaja mbio steshenari na fimbo yake, akakuta ni majibu ya kubeti.

Tukaanza vita. Kwanza dada akaweka ule mtihani wa picha, kwamba kabla ya kuandika, chagua picha zote zenye bomba la zimamoto. Kwetu huku moto ukiwaka tunamwagia ndoo. Wazee walikwama mlangoni siku nzima. Mmoja alipiga simu kuuliza kile kitungi chekundu kando ya barabara ni cha maziwa au ni choo. Mashine zenyewe zilikuwa zinafaulu mtihani huo bila jasho, nadhani zimezaliwa kwenye mitaa yenye mabomba.

Mimi nikapendekeza tuweke swali la nyumbani. Swali ambalo mashine ya ughaibuni haiwezi kujua. Nikatunga: samaki gani anatoka kwa wingi Ikola? Jibu ni neno moja, mgebuka, hata mtoto anajua. Nyie, hamjui watu wetu. Walijibu inategemea msimu. Walijibu kwa sasa ni dagaa. Walijibu nani anauliza. Mtu mmoja alianza na salamu, akauliza hali ya familia, akapongeza uongozi wa jukwaa kwa swali zuri, akaishiwa nafasi ya kuandika kabla hajafika kwa samaki. Wote wakafungiwa nje. Mjomba mwenyewe alifeli swali la migebuka, kwa sababu alijibu kwa kutoa bei.

Ndipo dada akaja na chujio. Alikuwa amesoma mahali kwamba kosa kubwa la mashine ni kurudia. Akaunti nyingi, maneno yale yale, kwa muda mfupi, mahali pamoja. Binadamu, akasema, kila mmoja anaongea kivyake. Kwa hiyo chujio likiona watu wengi wanaandika kitu kimoja kwa pamoja, linafuta palepale na kuzifungia akaunti hizo mwezi mzima. Aliyefungiwa anatokewa na maandishi ambayo dada aliyaandika kwa Kiswahili safi ili kila mtu aelewe: Umezuiwa na mwenye mada hii. Ujumbe wako umeonekana ni wa mashine. Hilo neno la mwenye mada alilinakili kutoka mpangilio wa zamani, akasahau kulitoa. Sikuliona mimi wala yeye.

Na chujio lilifanya kazi bwana. Jukwaa likawa safi kama uwanja wa shule siku ya mgeni rasmi. Dada alikuwa anapita steshenari anatikisa kichwa kwa raha. Mashine chache zilizobaki ni zile za adabu, zinazobadilisha maneno kila zinapoandika, zinasifia tu mada na kuacha anwani yao mwishoni. Tulizihesabu kama mbu, wapo lakini hawazuii usingizi.

Mke wa mjomba alifariki masika hayo. Alikuwa ameugua kwa muda, lakini tulikuwa tumezoea kuugua kwake kama tulivyozoea mvua, hakuna aliyedhani ingefika huko. Nilimjua kidogo. Alikuwa mwanamke wa kimya ambaye ukimtania anakutazama kwa huruma mpaka unajiona mjinga. Mama alipata habari kwa simu asubuhi na hapohapo akaanza kufunga kitenge na kutafuta gari la Ikola. Mimi nilibaki kwa ajili ya mtihani wa muhula, na kwa ajili ya kuku.

Kabla gari halijaondoka, mjomba aliandika jukwaani, chumba cha misiba. Mama aliniambia nimsomee, tukiwa tumesimama stendi:

"Ndugu zangu wa Kasansa na Mpimbwe yote. Mke wangu ametutoka leo alfajiri hapa Ikola. Tunazika kesho. Najua njia ni mbovu, simwombi mtu aje. Nawajulisha tu."

Mama akaichukua simu, akaitazama kama vile yeye ndiye amesoma. "Anawaomba," akasema. "Hajawahi kuwaomba kitu." Kisha akanieleza, huku konda akimharakisha, kwamba kama watu wa Kasansa watampa pole, basi atamshawishi mjomba akaanue matanga kulekule Kasansa, nyumbani, mbele ya wale wote aliokosa kuwazikia. Mambo yatakuwa yameisha. Wasipompa pole, hakuna atakayemtoa Ikola tena. Akapanda gari.

Kwetu pole haipigiwi mahesabu. Ukimpa mtu pole umemwambia wewe ni wetu. Ukikaa kimya, umemwambia kitu kingine, na hana namna ya kusema hakusikia.

Siku ya maziko nilitoka shule nikaenda steshenari na sare zangu. Dada alikuwa na foleni ya wanafunzi wa kopi, akanisukumia kompyuta ya ndani nilinde jukwaa. Nikafungua ukurasa wa wasimamizi. Chujio lilikuwa linawaka. Mistari myekundu inapanda kama maji kisimani: limezuia, limezuia, limezuia. Nikamwita dada nikamwambia tumevamiwa, lakini mashine zinakufa kama nzi. Nikawa natangaza kama mpira wa redioni, huyu amekwenda, huyu naye chali. Wale wanafunzi wa foleni wakawa wanashangilia. Hata dada alicheka.

Mama akapiga simu.

Aliniuliza hali ya kuku kwanza. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama jukwaa letu linafanya kazi. Nikajibu linafanya kazi kuliko siku zote. Nikasikia upepo wa ziwa na watu wanaimba kwa mbali. "Mjomba wako hajala tangu jana," akasema. "Ameshika simu. Wamezika, yeye ameshika simu. Angalia vizuri, hakuna mtu wa Kasansa aliyeandika?"

Nikafungua tangazo la msiba. Kulikuwa na jibu moja tu chini yake, lenye jina la Kizungu na picha ya mwanamume anayetabasamu na tai. Lilisema: "Asante kwa kushiriki makala hii ya ajabu! Umeandika vizuri sana na nimejifunza mengi. Endelea na kazi njema." Halafu anwani ya kamari.

Nikarudi kwenye ile mistari myekundu, safari hii nikasoma majina ya akaunti. Katekista. Mwenye mashine ya kusaga. Mwalimu mstaafu wa Kasansa anayeandika kwa herufi kubwa tupu. Mama wa vitumbua. Yule yule mzee wa nyumba yoyote hufikiwa. Wote, mmoja baada ya mwingine, na mbele ya kila jina sababu ileile: maneno yanayofanana, muda mfupi, mahali pamoja.

Sasa wewe niambie, msiba unaandika nini? Unaandika pole sana kwa msiba, Mungu ampumzishe kwa amani. Baba yako aliandika hivyo, babu yako alisema hivyo. Hakuna anayekaa chini kutunga pole mpya. Kijiji kizima kilikuwa kimempa pole mjomba wangu kwa pamoja, kwa sauti moja, jinsi inavyotakiwa. Ndiyo maana hakikusikika.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu. Foleni ikawa inamwita. Alizima chujio. Nikamwambia sasa zirudishe zile pole. Akasema hazirudi. Wakati wa kupanga tulichagua kufuta kabisa, si kuweka pembeni, kwa sababu nafasi tuliyonayo ni ndogo na spamu zilikuwa zinaijaza. Kinachobaki ni jina na sababu, maneno yenyewe hayapo popote duniani. Nikamwambia basi zifungue akaunti waandike upya. Akaanza kuzifungua, na kila akaunti inataka mwenyewe athibitishe kwa imeili. Imeili za Kasansa nzima zilifunguliwa na vijana wa steshenari, mmojawapo dada mwenyewe, kwa haraka, mtu anataka tu simu yake ifanye kazi aende shambani. Hakuna anayejua paswedi yake. Wengine hawajui kama wana imeili.

Nikapiga simu. Namba ya katekista ninayo, aliwahi kunifundisha mafundisho ya kipaimara na kunitoa nje mara nyingi. Nikamwamkia, akaitikia kwa ubaridi. Nikaanza kueleza, akanikatisha.

"Kijana, nimemwandikia mjomba wako pole, akanijibu kwamba amenizuia, kwamba mimi ni mashine," akasema. "Mke wangu naye kaambiwa mashine. Hapa tulipo tuko kundi zima, wote ni mashine. Basi tumeshukuru."

Nikamwambia siyo mjomba, ni kompyuta. Akauliza kompyuta ya nani. Nikasema ya kwetu. Akasema basi ni yaleyale. Nikamsihi aandike tena kwa simu ya mtu mwingine, na nikaongeza, maskini mimi na akili zangu, kwamba ajitahidi atumie maneno tofauti kidogo na ya wenzake, kwa usalama tu. Nilisikia anavuta pumzi.

"Yaani nitunge pole kama insha? Utanipa na maksi?"

Mimi nina jibu la kila kitu, ndiyo maana nimeshachapwa na walimu wa masomo ambayo sisomi. Ila kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshakata simu.

Na chujio likiwa limezimwa, zile zilizokuwa zinasubiri nje ziliingia. Kamari, dawa, mikopo, chini ya jina la marehemu, chini ya picha yake akiwa amevaa kitenge cha bluu na ule uso wake wa huruma. Nafuta, zinarudi. Nafuta, zinarudi. Dada akaniambia tuchague. Tukiwasha chujio, akitokea mtu mmoja wa Kasansa akajaribu tena, na mwenzake akajaribu, litawameza. Tukiacha wazi, mjomba atafungua simu akute mkewe katikati ya mashine za bahati nasibu. Kulikuwa na njia ya tatu, kufunga mada isiandikwe na mtu yeyote. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nimesoma chuo. Akaifunga. Kabla ya kufunga tulifuta taka zote tulizoziona, isipokuwa lile jibu la kwanza, ambalo sote tulisahau.

Kesho yake mama alimpa mjomba simu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza yote polepole, chujio, kufanana, kufutwa. Nikamsomea majina, katekista, mwenye mashine ya kusaga, mama wa vitumbua, mzee, wote. Alinisikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo mjomba hajawahi kumfanyia mtu.

"Waliandika nini?" akauliza.

"Pole, mjomba."

"Umeiona?"

"Sikuiona. Ilifutwa. Lakini katekista kaniambia mwenyewe. Na chujio limesema maneno yanafanana."

"Matusi nayo yanafanana," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia bei. "Na huyu aliyebaki, mwenye tai?"

"Huyo ndiye mashine, mjomba. Nitamfuta sasa hivi."

Nikasikia anasogea, labda anatoka kwenye watu. "Amesema nimeandika vizuri," akasema. Nikangoja acheke, apige paja la mtu. "Mwache. Ndiye aliyekuja."

Sikumfuta. Sikujua kama ni utani. Nilimwambia pole, kwa mdomo, kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki, maana katika kulinda jukwaa sikuwa nimemwambia. Akaitikia haya, baba, soma. Akamrudishia mama simu.

Nilijaribu tena Kasansa, nikampigia mwenye mashine ya kusaga. Yeye alicheka kabisa, akasema anajua mambo ya mitandao, hana kinyongo, ila wenzake wameshakaa wakaongea na neno limeshatoka. Mjomba aje mwenyewe aseme. Nikampigia mjomba, akasema hao ndio waliomwambia aje? Kama wanaweza kuongea na mtoto wa shule wanaweza kumpigia yeye. Namba yake ipo kwenye kila tangazo la samaki. Mimi nikawa pale katikati na bando linaisha, kila upande unanituma kwa mwenzake, na kila upande una haki.

Mama alikaa Ikola hadi matanga. Yalianuliwa kulekule, chini ya turubai la wavuvi, na Waislamu na Wakristo wa ufukweni wakampikia mjomba na kumwimbia kama ndugu yao. Mama aliporudi nyumbani kwetu Shanwe, hapo Mpanda, alikuwa na kiroba cha migebuka waliokaushwa, tukakifungua wote wawili barazani. Kila mwaka, hata miaka ile ambayo yeye na Kasansa hawasemeshani, mjomba alikuwa anatuma kiroba chenye mafungu mawili, letu limefungwa kwa kamba, na la Kasansa limefungwa kwa kitambaa, sisi tunalitafutia gari la kwenda Mpimbwe. Hatukuambiwa kamwe walikuwa wanakula au wanatupa. Yeye anatuma tu.

Nilitoa samaki wote nikawapanga. Nikatikisa kiroba, nikachungulia ndani.

Nikamuuliza mama fungu la Kasansa liko wapi. Mama akaniambia niwashe moto, tuchemshe hao waliopo kabla hawajaingia wadudu.